Kanuni Ina Mwandishi Wake

Mwaka 1978 kilitoka Marekani kitabu cha wachezaji cha Advanced Dungeons & Dragons, kazi ya Gary Gygax. Ndani yake mlikuwa na jedwali la nguvu za mwili. Mpiganaji mwanamume, akiwa binadamu, aliweza kupanda hadi kileleni mwa jedwali hilo. Mpiganaji mwanamke alikomea katikati ya ngazi ya juu, na hapo ndipo ulipokuwa mwisho wake. Kitabu hakikutoa hotuba juu ya wanawake. Kiliweka namba tu. Lakini namba hiyo iliingia katika kila nyumba iliyokuwa na kitabu, ikanakiliwa na kila kijana aliyejaza karatasi ya mhusika wake. Katika dunia hiyo mazimwi yaliruka na wachawi walirusha moto, ila mkono wa mwanamke uliwekewa kipimo.

Naanza na jedwali hilo kwa sababu linaonyesha upesi jambo ambalo wapenzi wengi wa michezo huchelewa kuliona: kanuni ya mchezo ni maandishi kama maandishi mengine. Ina mwandishi, na mwandishi ana macho yake. Kwa hiyo swali la nani anabuni michezo ni swali la ufundi tangu mwanzo, na wapo wabunifu huru waliolijibu kwa ustadi unaostahili kutazamwa polepole.

Kwa asiyeufahamu mchezo wa kuigiza mezani, mambo ni haya. Watu watatu hadi sita hukusanyika. Kwa kawaida mmoja husimamia, na wengine kila mmoja humchukua mhusika na kusema kwa niaba yake. Mchezaji anasema, “Naufungua mlango.” Msimamizi anaeleza kilichopo ng’ambo ya mlango. Penye shaka, dadu hurushwa, na kitabu ndicho kinachoamua dadu zimesema nini. Aghalabu hakuna mshindi. Kinachobaki ni hadithi iliyotungwa na wote, ambayo hakuna hata mmoja wao aliyejua itaishia wapi.

Aina hii ya mchezo ilianza rasmi mwaka 1974, Gygax na Dave Arneson walipotoa nakala elfu moja za kwanza za Dungeons & Dragons kutoka mji mdogo wa Lake Geneva, Wisconsin. Kwa miaka mingi waandishi wake walifanana: wengi wao wanaume weupe wa Marekani na Uingereza, waliokulia katika michezo ya vita na hadithi za mashujaa wa Ulaya ya kale. Mike Pondsmith, Mmarekani mweusi, alifungua kampuni yake ya R. Talsorian Games miaka ya 1980, na mwaka 1988 akatoa Cyberpunk, mchezo ambao baada ya zaidi ya miaka thelathini ulizaa mchezo wa video wa Cyberpunk 2077. Alikuwa miongoni mwa wachache. Na pale walipo wachache, watu wengine huandikwa na wasiowajua. Mwaka 2020 Wizards of the Coast, wenye Dungeons & Dragons siku hizi, walikiri hadharani kwamba baadhi ya viumbe katika vitabu vya zamani walielezwa kwa namna inayofanana mno na jinsi watu halisi walivyodharauliwa na wanavyodharauliwa hadi leo.

Jibu linalokuja haraka ni kubadilisha picha: mchawi mweusi kwenye jalada, shujaa mwenye hijabu ukurasa wa ishirini, mpiganaji katika kiti cha magurudumu. Picha hizo zina thamani yake, na mtoto anayejiona ndani ya kitabu hupata kitu ambacho hakisahau. Lakini picha huangaliwa, na kanuni hutendwa. Mchezaji huishika mkononi kwa saa tatu au nne mfululizo. Wabunifu ninaowastahi waliipeleka historia ya watu wao huko, ndani ya kanuni.

Julia Bond Ellingboe, mwanamke mweusi wa Marekani, alifanya hivyo mapema. Mwaka 2007 alitoa Steal Away Jordan, mchezo ambao wachezaji wake huigiza watu waliokuwa watumwa Marekani. Aliuandika kwa roho ya riwaya kama Jubilee ya Margaret Walker, Kindred ya Octavia Butler na Beloved ya Toni Morrison. Katika michezo mingi mhusika huundwa kwa sifa kadhaa, kama nguvu, akili na wepesi. Kwa Ellingboe sifa inayotawala ni thamani: tathmini ambayo jamii ya mabwana imempachika mtu kwa umri wake, jinsia yake, afya yake na ujuzi wake. Thamani hiyo ndiyo inayoamua mchezaji atarusha dadu ngapi.

Itazame kanuni hiyo ikifanya kazi. Tuseme mhusika wako ni mama mzee, na usiku huu anataka kumficha mjukuu asiuzwe. Moyo wake haupungui chochote, wala akili yake. Lakini unapofika wakati wa kurusha, unaokota dadu mbili tatu, kwa sababu sokoni bibi mzee ana bei ndogo. Mwenzako wa kando, anayemwigiza kijana, anaokota kiganja tele. Hakuna aliyewasomea somo la historia. Mmelipima wenyewe kwa mikono, na kila mmoja pale mezani ameona jinsi mfumo unavyoweza kumwekea mtu kipimo kisichohusiana kabisa na utu wake. Hayo yote yamefanywa na kanuni moja inayoweza kuelezwa kwa sentensi moja. Wanaobuni michezo wanajua ni kazi ngumu kiasi gani kufikia wepesi wa namna hiyo.

Liam Burke, mbunifu mwenye asili ya Kifilipino, aliujenga mchezo wake mzima juu ya tendo la kuandika kanuni. Dog Eat Dog, uliotoka mwaka 2013, unahusu ukoloni katika kisiwa kimojawapo cha Bahari ya Pasifiki. Kwanza wachezaji huwabuni wenyeji kwa pamoja: desturi zao, wanachokula, wanachokiheshimu. Kisha huwabuni wavamizi. Halafu linakuja agizo ambalo hunisisimua kila ninapolisoma: anayecheza upande wa wavamizi ni mchezaji aliye tajiri kuliko wote, tajiri katika maisha yake halisi. Marafiki wanalazimika kuulizana jambo ambalo wamekuwa wakilikwepa kwa miaka: nani kati yetu ana mali zaidi? Utawala haujaanza, na tayari fedha imeshagawa meza.

Baada ya hapo inawekwa mezani karatasi yenye kanuni moja tu, inayotamka kuwa wenyeji ni duni kwa wavamizi. Mchezo huendelea kwa maonyesho mafupi. Kila onyesho likiisha, kete huhesabiwa: aliyefuata kanuni huongezewa, aliyezivunja hunyang’anywa. Kisha wenyeji, si wavamizi, hushauriana na kuandika kanuni mpya waliyojifunza kutokana na yaliyotokea. Tuseme mvuvi alikwenda kulalamika kuhusu wavu wake uliochukuliwa, akarudishwa mlangoni kwa kuwa hakuwa na barua. Wenyeji wanainama juu ya karatasi, wanajadili, mmoja anaandika: asiye na karatasi hasikilizwi. Onyesho linalofuata litapimwa kwa kanuni hiyo pia.

Uzito wa ufundi huu uko katika nani anashika kalamu. Burke angeweza kumpa mvamizi kazi ya kutunga amri, na mchezo ungekuwa hadithi ya dhalimu na wanyonge ambayo tumeshaisikia mara nyingi. Alipompa mtawaliwa kalamu, alifika kwenye kiini cha jambo: utawala hukomaa pale anayetawaliwa anapoyasoma matakwa ya bwana na kujiwekea mipaka kabla hajaambiwa. Karatasi inazidi kujaa, na kila mstari umeandikwa kwa busara, kwa nia ya kuwalinda watu. Anayetii sana hukusanya kete na kuzama taratibu katika ulimwengu wa wavamizi. Anayeishiwa kete hulipuka kwa ghadhabu, akafanya tendo moja kubwa, nalo humgharimu maisha. Msomaji wa nchi yoyote iliyopita katika ukoloni atamtambua jirani yake, au babu yake, katika pande zote mbili.

Ufundi wa Avery Alder, mbunifu wa Kanada, una sauti ya chini zaidi. Alder ni mwanamke aliyebadili jinsia, na kazi zake hurudi tena na tena kwa jamii ndogo zinazoishi pembeni na kulazimika kujiendesha zenyewe. The Quiet Year, wa mwaka 2013, huchezwa kwa karatasi tupu, kalamu, dadu chache na karata 52. Jamii iliyonusurika baada ya dunia kuporomoka imepata mwaka mmoja wa amani. Kila karata ni wiki moja. Kopa ni majira ya kuchipua, uru ni kiangazi, pau ni majira ya majani kupukutika, shupaza ni majira ya baridi. Wachezaji huchora ramani kidogo kidogo: kisima hapa, kaburi pale, bustani iliyoungua. Mfalme wa shupaza anapotokea, mchezo umekwisha, hata kama mnachokijenga hakijafika nusu. Na kwa kuwa karata za kila majira zimechanganywa, majira ya baridi yanaweza kukatika wiki yoyote.

Humo hakuna anayemwigiza mtu mmoja. Wote kwa pamoja ni jamii. Zamu yako inapofika unachagua jambo moja kati ya matatu: kugundua kitu kipya, kuanzisha kazi, au kuitisha mazungumzo. Kanuni ya mazungumzo ndiyo ninayotaka kuishika kidogo. Kila mchezaji husema mara moja tu, sentensi moja au mbili. Hakuna kujibizana. Hakuna kupiga kura. Mzunguko ukikamilika, mazungumzo yamefungwa, na hakuna uamuzi uliofikiwa. Zaidi ya hayo, aliyeitisha mazungumzo ametumia zamu yake, kwa hiyo wiki hiyo hajagundua wala kujenga chochote. Na nje ya mazungumzo hayo, wachezaji hawaruhusiwi kushauriana juu ya hatua ya mwenzao.

Mara ya kwanza kanuni hiyo huudhi. Watu wamezoea kikao kiishe na azimio. Lakini baada ya majira mawili unaanza kuona kilichokusudiwa: kusikilizana kuna gharama, na wakati mwingine watu husikilizwa wote na bado kila mtu akaenda kufanya lake. Kwa ajili ya uchungu unaobaki Alder aliweka kete za kinyongo. Ukihisi jambo limefanywa bila kukushirikisha, huna ruhusa ya kulalamika. Unachukua kete moja na kuiweka mbele yako. Haina nguvu ya kuzuia kitu. Inakaa pale, mbele ya macho ya wote. Unaweza kuirudisha siku mwenzako akifanya jambo linalokupendeza, au ukaitoa kama sababu ya wewe nawe kufanya jambo la ubinafsi. Nimesoma maandishi mengi juu ya mivutano ndani ya jamii ndogo, na machache yameieleza kwa usahihi wa rundo lile la kete linalokua kimya.

Sifa moja ya ufundi mzuri ni kwamba mwingine anaweza kuuchukua na kuupeleka kwao. Mark Diaz Truman pamoja na Alder waliugeuza The Quiet Year kuwa The Deep Forest, ambamo jamii inayojijenga upya ni ya viumbe wanaoitwa majitu ya kutisha, baada ya kuwafukuza binadamu walioikalia ardhi yao. Alder aliandika pia Dream Askew, juu ya jamii ya watu waliotengwa kwa jinsia na mapenzi yao, na humo akakiondoa kabisa kiti cha msimamizi. Majukumu yake yamegawanywa: mmoja anasemea uhaba wa vitu, mwingine magenge ya jirani, mwingine ardhi yenyewe. Dadu nazo zimeondoka. Mhusika akionyesha udhaifu wake, anapata kete. Akitaka kufanya jambo kwa uwezo mkubwa, anailipa. Kwa kanuni hiyo, hakuna anayeng’ara ambaye hajawahi kuwaonyesha wenzake jeraha lake.

Mfumo huo ulisafiri mbali. Benjamin Rosenbaum aliutumia katika Dream Apart, juu ya mji mdogo wa Wayahudi wa Ulaya Mashariki, kazi iliyochapishwa pamoja na ya Alder katika kitabu kimoja. Rae Nedjadi wa Ufilipino aliutumia katika Balikbayan, mchezo wa siku zijazo ambamo viumbe wa hadithi za Kifilipino waliotiwa utumwani na makampuni wanatafuta njia ya kurudi nyumbani. Jay Dragon aliutumia katika Wanderhome, wa mwaka 2021, mchezo wa wanyama wasafiri katika nchi iliyotoka vitani. Humo mhusika hupata kete kwa kujisumbua ili amsaidie mwingine, kwa kutoa kitu anachokipenda, au kwa kusimama na kuusimulia uzuri wa mahali alipo. Kanuni ni ileile. Kila mwandishi ameijaza kumbukumbu za watu wake.

Wengine hawakujenga nyumba mpya. Chris Spivey, Mmarekani mweusi, aliingia ndani ya Call of Cthulhu, mchezo uliotokana na hadithi za H. P. Lovecraft, mwandishi ambaye chuki yake kwa watu weusi na wahamiaji imeandikwa wazi katika kazi na barua zake. Mwaka 2017 Spivey alitoa Harlem Unbound, kitabu kinachouweka mchezo huo katika Harlem ya miaka ya 1920, wakati washairi, wanamuziki na wanafikra weusi walipokuwa wakiufanya mtaa huo kuwa mji mkuu wa fikra zao. Wachunguzi wa mambo ya kutisha sasa ni watu wa Harlem. Ubaguzi una kanuni yake: mhusika mweusi anapotafuta msaada au ukweli kwa mzungu, ugumu huongezeka kwa kipimo kilichotajwa, na kitabu kinamshika mkono msimamizi kumwonyesha namna ya kulishughulikia jambo hilo bila kuwaumiza wachezaji wake. Kilipata dhahabu katika tuzo za ENNIE mwaka 2018. Spivey hakumfuta Lovecraft. Aliwaweka watu ambao Lovecraft aliwaogopa mbele kabisa ya hadithi, na hofu ikabadilisha mwelekeo.

Connor Alexander, raia wa Taifa la Cherokee, alikwenda njia nyingine. Pamoja na waandishi na wachoraji kutoka mataifa mengi ya wenyeji wa Amerika, alibuni Coyote & Crow, mchezo wa Amerika ambayo haikutawaliwa na wakoloni kamwe. Zaidi ya miaka 700 kabla ya hadithi kuanza, balaa kutoka angani liliigeuza historia, na mataifa ya bara hilo yakasonga mbele kwa sayansi yao na miji yao. Mwaka 2021 wapenzi wa michezo waliuchangia kwa zaidi ya dola milioni 1. Ninachokistahi zaidi ni ukurasa unaozungumza na wachezaji wasio wenyeji. Hauwafungii mlango. Unawakaribisha, ukiwaomba wasijitwalie majina na mila za mataifa halisi, watumie zile zilizobuniwa kwa ajili yao ndani ya kitabu. Mchezaji mwenyeji, kwa upande wake, anaalikwa alete taifa lake mwenyewe. Mgeni ameandaliwa chumba, na mwenye nyumba hajanyang’anywa chake. Ni adabu iliyoandikwa kwa lugha ya kanuni, na bila shaka ilichukua muda mrefu kuipima.

Kusini-mashariki mwa Asia, Zedeck Siew na mchoraji Munkao wa Malaysia walitoa vijitabu vya A Thousand Thousand Islands. Humo kanuni ni chache mno. Kazi yote imo katika mahali: ufalme wa mtoni ambamo mamba ni mabwana, bidhaa zinazouzwa gatini, namna mgeni anavyotazamwa. Wasomaji waliozoea ngome na mashujaa wa farasi walikuta dunia yenye unyevu, biashara na mizimu, iliyoelezwa na watu wanaozijua harufu zake.

Haya yote yaliwezekana pia kwa sababu njia za kuchapisha zilifunguka. Kickstarter iliwawezesha waandishi kukusanya fedha za wasomaji kabla ya kuchapa. Itch.io ilimruhusu mtu wa Manila au Kuala Lumpur kuuza kitabu cha kurasa kumi na mbili kwa dola chache bila kumbembeleza mchapishaji wa Marekani. Juni 2020, furushi la kazi zilizotolewa na wabunifu kupitia itch.io kwa ajili ya haki za watu weusi lilikusanya zaidi ya dola milioni 8, na ndani yake ilikuwamo michezo mingi ya mezani. Watu wengi waligusa kazi hizi kwa mara ya kwanza kupitia furushi hilo. Hata hivyo mlango uliofunguka bado una kizingiti: kuandika kwa Kiingereza, gharama za kusafirisha vitabu, njia za malipo zisizofika kila nchi. Anayewapenda wabunifu hawa awalipe, ataje majina yao, na akikopa kanuni yao aseme ameikopa kwa nani.

Kuna jambo moja la mwisho ninalolitetea kwa moyo wote. Tukishamsifu mwandishi kwa kuigeuza historia chungu kuwa kanuni, tusimfungie humo. Mwandishi mweusi, mwenyeji au wa tabaka lolote lililosukumwa pembeni ana haki ileile ya kuandika juu ya furaha, mahaba na upanga. April Kit Walsh alifanya hivyo katika Thirsty Sword Lesbians, mchezo wa wanawake wapenda vita vya panga na wapendanao, uliopata tuzo ya Nebula ya uandishi wa michezo ya mwaka 2021. Mhusika wake akishindwa hahesabiwi majeraha ya mwili. Hupatwa na hali kama hasira, hofu au kukata tamaa, na njia mojawapo ya kupona ni mwenzake kuketi naye na kumpa moyo. Ni ufundi uleule wa Ellingboe na Burke: amua ni nini kihesabiwe, na meza nzima itakijali. Anayepewa nafasi ya kuamua kinachohesabiwa ndiye aliyewakilishwa kweli, na michezo ya mezani imepata waandishi wake bora wa sasa pale nafasi hiyo ilipokwenda kwa watu ambao zamani walihesabiwa na wengine.